Mkono Uliolala na Mihuri ya Mkwe

Wewe uliyekaa kwenye benchi la mazoezi pale hospitali, mkono umeuficha ndani ya kitenge ili watu wasione unavyoning'inia, nakuandikia wewe. Nilikaa hapo hapo. Najua lile benchi lina msumari uliochomoza upande wa dirishani, na najua kwa nini unakaa upande huo hata hivyo. Ukikaa huko, mdomo uliopinda unautazamisha nje.

Mimi ni mkulima wa Mwazye. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo usitafute humu maneno ya kidaktari. Kiharusi ni nini na kinatoka wapi, waulize wao. Mimi nitakuambia kinavyokaa na mtu nyumbani. Kijana anayetufanyisha mazoezi ndiye aliyeniambia, "Bibi, andika, maana wanaokuja hapa hawasemi." Nikamwambia hata mimi sisemi. Akasema, "Ndiyo maana nimekwambia andika."

Kwanza ujue habari ya ukwe, la sivyo utaniona mjinga kuliko nilivyo. Kwa sisi tuliokuzwa kizamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawazoeani. Hatuli sahani moja, hatukai mkeka mmoja, hatutazamani usoni, na hatusemezani. Tukikutana njiani, mmoja anapita majanini. Neno likiwepo, linapitia kwa binti. Na kama binti hayupo, tunaongea na vitu. Usicheke. Yeye anasimama uani anamwambia kuku, "Wewe kuku, mwenye kutaka maji ya kuoga, yameshachemka." Na mimi naijibu ndoo. Vijana wa sasa wameacha; wanapiga picha na wakwe zao wamekumbatiana. Mimi sikuacha. Kule kwetu watu walinijua kwa hilo, na aliyelegeza nilimkemea.

Binti yangu Leokadia ameolewa Sumbawanga mjini. Mume wake, baba Skola, ni mchonga mihuri. Anakata mpira kwa wembe, herufi kinyumenyume, anagandisha kwenye kibao: mihuri ya maduka, ya shule, ya ofisi za vijiji. Leokadia yeye anatengeneza kadi za salamu. Za harusi, za kipaimara, za Krismasi, za kumpa mgonjwa pole. Anakunja karatasi ya manila, anatoboa pembeni kwa panchi, vile vyuma vya kubana kwa kiganja vinavyotoa tundu lenye umbo la ua au nyota, halafu anagonga mihuri ambayo mume wake amemchongea: njiwa, kikombe cha Komunyo, suke la ulezi. Anamalizia na utepe na gundi. Kibanda chao kiko mlangoni kwao, barabarani. Mtoto wao Skola yuko bweni Kaengesa.

Nilizidharau hizo kadi. Nilikuwa nikija mjini namwambia binti yangu, "Mtu mzima mwenye mikono miwili unatoboa makaratasi!"

"Mama, ulezi wako unaliwa na ndege. Kadi zangu haziliwi."

"Wala wewe huzili."

"Nazila kila siku. Ule wali uliokula jana ulikuwa kipaimara cha watoto wa watu."

Hayo yalikuwa maneno yetu kila nikija, na nilikuwa nayapenda, maana nilikuwa na mikono miwili.

Ilikuwa wakati wa mvua, mwezi ambao kwetu watu wanafukia majani kwenye matuta. Nilikuja kuwaletea maharage na unga wa ulezi, nilale kidogo nirudi shambani. Asubuhi Leokadia akaenda kununua karatasi. Nikabaki chumba cha nyuma nafunga kitenge, na baba Skola yuko chumba cha mbele na redio yake na wembe wake. Kitenge kikanidondoka. Nikakiokota, kikadondoka tena. Nikautazama mkono wa kulia, nikauambia shika. Haukushika. Halafu mguu nao ukaondoka, nikajikuta chini kati ya kitanda na ukuta.

Sikiliza sasa, maana hapa ndipo nilipokosea, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Mdomo ulikuwa bado unafanya kazi. Ningeita. Kati yangu na yule mwanamume palikuwa na mlango wa mbao tu, nilikuwa nasikia mpaka anavyopuliza vumbi la mpira. Lakini kitenge changu kilikuwa pembeni, mimi nina gauni la ndani, na yeye ni mkwe wangu. Nikajiambia, Leokadia anarudi sasa hivi. Mvua ikashika. Ikaisha, ikashika tena. Leokadia alikuwa amejibanza kwenye baraza la duka huko sokoni na karatasi zake, asizilowanishe. Na mimi chini pale nimenyamaza kama mwizi.

Baba Skola akaja mpaka mlangoni. Akauambia mlango, "Wewe mlango, chai imekuwa maji. Mzee hajaamka?"

Nikanyamaza.

Akaenda akazima redio, akarudi. "Mlango, kama mzee haumwi, agonge kitu basi."

Nikataka kusema siumwi. Ikatoka sauti ya mbuzi. Hapo ndipo nilipoogopa, na hapo ndipo mkojo uliponitoka, naandika kama ilivyokuwa.

Aliingia amegeuza uso. Alivuta shuka kitandani akanifunika bila kutazama, akipapasa kama kipofu, akanibeba mgongoni kama tunavyobeba watoto, mpaka barabarani kwenye bajaji. Nilikuwa nimelowa, na mgongo wake ukalowa kwa maji yangu. Mvua ilikuwa inanyesha, nikamshukuru Mungu kwa mvua ile, nikidhani haitajulikana maji yapi ni ya nani. Lakini ya mvua ni ya baridi, na yangu yalikuwa ya moto. Yeye alijua. Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikusubiri kifo. Niliumbuka mgongoni kwa mkwe.

Daktari alipouliza ilianza saa ngapi, Leokadia alimtazama mume wake, mume akatazama chini. Baadaye, ulimi uliponirudia kidogo, nikamweleza mwenyewe binti yangu kwamba nilinyamaza. Hakunipa pole.

"Yaani mama, ulikuwa radhi ufe?"

"Nilikuwa uchi."

"Ulikuwa na gauni!"

"La ndani."

Akatoka nje ya wodi. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akanigeuza, akanibadilisha shuka. Huo ndio ulikuwa msamaha wake, na nauona mpaka leo ulikuwa mkubwa.

Wodini sitakaa sana. Utapewa mpira wa mkojo, utalishwa uji, utakuwa unamezea upande mmoja. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa mama wa Namanyere, mnene, mcheshi, amepooza kushoto kama mimi nilivyopooza kulia. Alisema, "Bibi, tukiunganishwa mimi na wewe anatoka mtu mmoja mzima, tatizo nani ataenda na kichwa." Nilimkasirikia. Sasa namkumbuka kwa wema.

Kuruhusiwa ndiko kulikokuwa kugumu. Mazoezi ni mjini, kila wiki, na Mwazye ni mbali. Ikabidi nikae kwa mkwe. Mwanangu mkubwa Deo, aliye Namanyere, akapiga simu kwa ukali. "Mama anakaaje kwa mkwe kama hana watoto wa kiume? Watu watasemaje?" Leokadia akamjibu, "Basi njoo umchukue, na pampasi zake uje nazo." Simu ikakatika. Deo hakuja mpaka Pasaka, na alipokuja alikaa mlangoni na kofia mkononi kama aliyekuja kudai. Simlaumu. Mtoto wa kiume akimwona mama yake anadondosha mate hajui aelekee wapi.

Pampasi za watu wazima, nimezitaja, basi nimezitaja. Nilizivaa. Leokadia alikuwa anazificha kwenye mfuko mweusi anapotoka kwenda kuzitupa, na kila akipita mbele ya baba Skola na ule mfuko nilikuwa naufunika uso wangu kwa mkono mzima. Choo kiko nje. Baba Skola akishaniona nimekalishwa uani, anaondoka zake kwenda kufanya kazi barabarani juani, ili mimi niwe huru. Nyumba ni yake, na alikuwa anaikimbia kwa ajili yangu. Lile shati la siku ile ya mvua nililiona kwenye kamba. Alilifua mwenyewe, hakumpa mke wake.

Nilikuwa na nia moja tu, ujue. Nirudi Mwazye, kwangu, kwa miguu yangu, kabla mkwe hajanishika mara ya pili. Nilimwambia Leokadia hivyo kila siku, kwa ulimi uleule mzito, mpaka akachoka.

"Haya mama. Siku utakayofunga kitenge chako mwenyewe, kwa mikono miwili, nakupeleka."

"Apa."

"Naapa."

Kitenge. Unaona rahisi. Jaribu kufunga fundo na mkono uliolala.

Yule kijana wa mazoezi alinipa mpira mwekundu wa kuminya. Nikaminya siku mbili nikautupa chini ya kitanda. Sikuzaa watoto saba ili niishie kucheza mpira. Jioni Leokadia akaniwekea panchi ya nyota mkononi, na karatasi ndani yake.

"Minya hii basi. Hii ina faida."

Haikuminyika. Nikaweka mkono wa kushoto juu ya wa kulia, nikalala juu yake na uzito wangu wote. Ikalia, kwachu! Kinyota kikadondoka mapajani. Nikainama nikitazame, na mate yakanitoka yakaanguka kwenye karatasi, ikaharibika. Leokadia akaivuta taratibu akaweka nyingine. Sikusema asante. Niliminya tena.

Ndivyo Kwaresima ilivyopita. Nyota. Wiki nzima nyota tu, nyumba imejaa vinyota, vimeingia kwenye mboga. Pasaka ilipofika nilikuwa naminya kwa mkono wa kulia peke yake, mara moja kwa kila mara tatu. Nikapandishwa darasa, nikapewa mihuri. Muhuri ni mgumu kuliko panchi, maana panchi inakata palepale, muhuri unataka mkono unyooke, ushuke sawa, uinuke bila kuteleza. Mihuri ya baba Skola ina vishikio vyembamba. Ilikuwa inaniponyoka, wino ukanipaka mpaka mashavuni. Kadi zangu Leokadia aliziweka bunda la peke yake, za bei ya chini.

Wiki moja baada ya Pasaka wakaja akina mama wa jumuiya yetu kutoka Mwazye, wamekodi gari ndogo. Walikuwa wanane, na wengi wao niliwahi kuwakemea hadharani, huyu kwa kuchelewa sala, yule kwa kitambaa cha kichwa. Nikaketishwa kwenye kiti, mto mgongoni. Wakasali, wakaimba. Halafu mkubwa wao akanipa kadi. Walikuwa wameinunua pale pale kibandani mlangoni. Imeandikwa Ugua Pole, na njiwa juu yake.

Njiwa amelala ubavu, na wino umemtoka mdomoni kama anatapika. Nilimjua. Nilimgonga mwenyewe juzi yake.

"Imepinda kidogo," yule mama akasema, "ila ndiyo ya bei yetu."

Mwingine akaichukua akaitazama. "Aliyegonga hii alikuwa ametoka kilabuni."

"Tena siku ya mnada!"

Wakacheka wote. Leokadia alikuwa ameshika birika, amejiuma mdomo. Nikacheka, na kucheka kwangu wakati ule kulikuwa upande mmoja, chai ikanimwagikia kidevuni mpaka kifuani. Yule wa kuchelewa sala ndiye aliyeinuka akanifuta, kwa ncha ya kanga yake, polepole, kama mtu anayefuta kikombe cha altare. Sikuwahi kufutwa uso na mtu niliyemkemea mbele ya watu. Nilitamani anichape.

Walipoondoka nikamwambia Leokadia achome bunda zima la kadi zangu.

"Sichomi. Zinanunuliwa."

"Wanacheka."

"Wamecheka, na wamenunua."

Kukawa na baridi ya mwezi wa sita, ule upepo wa Ufipa unaopita kwenye kila tundu la tofali. Mkono ukarudi nyuma, ukakaza kama wa maiti. Usiogope likikupata hilo. Baridi inaurudisha nyuma, joto linauleta mbele. Mimi niliogopa, nikajua Mwazye basi. Wenzangu walikuwa wanavuna ulezi na mimi nimekaa karibu na jiko la mkaa nauoka mkono wangu kama kiazi.

Hapo ndipo zilipoagizwa kadi za kipaimara, mzigo wa parokia nzima. Na Leokadia akashikwa na malaria. Akalala anatetemeka, anataka kuamka kila saa.

"Mama, zile kadi."

"Lala."

"Kadi wanazitaka Jumamosi."

"Nimesema lala."

Nikajikokota mpaka chumba cha mbele na mkongojo wangu. Baba Skola alikuwa ameshakaa pale mezani anatoboa peke yake. Aliponiona akaruka kusimama, akataka kutoka. Meza ni moja, wino ni mmoja. Akitoka, kadi haziishi. Akikaa, tunakaa meza moja mkwe na mkwe. Tukabaki hivyo, yeye amegeukia ukuta, mimi nimegeukia dirisha.

Nikaliambia jiko, "Wewe jiko, si ana shuka huyu mtu? Alitundike."

Akaelewa mara moja. Akafunga kamba toka kwenye msumari wa dirisha mpaka kwenye bawaba ya mlango, akatundika shuka katikati ya meza. Yeye upande wake, mimi upande wangu. Anakunja, anatoboa, anaisukuma kadi chini ya shuka. Naipokea, naigonga njiwa na kikombe, naisukuma irudi abandike utepe. Vidole vyake nilikuwa naviona tu, vina makovu ya wembe.

Tulifanya kazi asubuhi nzima kimya. Halafu nikasikia upande wa pili, anaiambia gundi, "Gundi, huyu njiwa ameteguka shingo. Sijui kakanyagwa na nani."

Damu ikanipanda. Nikaliambia jiko, "Jiko, mwambie fundi, anayechonga njiwa kama bata asilaumu wagongaji."

Nikajua nimevuka mpaka, mama mkwe mzima kumtania mkwe. Kisha shuka likaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, amejiziba mdomo, shuka linatikisika. Na mimi, Mungu ananijua, nilicheka mpaka muhuri ukaniponyoka. Leokadia akaita kutoka chumbani, "Mna nini huko?" Hakuna aliyemjibu. Nani angemjibu?

Kesho yake nilipoketi nikakuta upande wangu wa meza kuna njiwa mpya. Kishikio chake hakikuwa kile chembamba. Kilikuwa kinene, cha mti mzito, kimekatwa kutoka kwenye mpini wa jembe na kulainishwa kwa msasa, kimejaa kiganja. Sijaagiza. Sijamwambia mtu kwamba vile vyembamba sivishiki. Kumbe alikuwa anahesabu kwa masikio muhuri ukidondoka. Niliushika, na mkono wangu ukauzunguka kama unaujua. Maana ni mpini; huo mkono umeshika mipini tangu utoto.

Sikushukuru. Sikujua nishukuru kupitia kitu gani. Nilitazama jiko, nikatazama ndoo, vyote vikaonekana vidogo. Nikagonga kadi. Zilikwisha Ijumaa jioni, na njiwa walikuwa wamesimama.

Nitakueleza jambo ambalo hukulitegemea kutoka kwa mtu mkali. Kadi za harusi zilipoanza kuja, mwezi wa nane na wa tisa, nilizigonga kwa furaha. Upo mguso pale muhuri unapogusa karatasi, ukakandamiza kidogo, ukainua, na maua yamebaki pale yamekaa vizuri. Hata upande uliolala unausikia. Nilikuwa nakaa nayo mpaka jua linapogeuka. Na aibu yangu ilikuwa palepale imekaa nami mezani, haikuondoka. Ila ilikuwa na kazi ya kufanya.

Kitenge nilikifunga mwezi wa kumi, joto limeanza, watu wanachoma majani mashambani na moshi unaonekana hadi mjini. Fundo la kwanza lilifunguka. La pili likakaa. Nikatoka uani nimesimama mbele ya Leokadia aliyekuwa anapembua maharage. Akanitazama juu mpaka chini. Akaacha ungo.

"Uliapa," nikamwambia.

"Niliapa, mama." Akajifuta macho kwa kiwiko. "Ila ungelifunga vibaya kidogo, ukakaa mpaka Krismasi."

Tukaenda stendi wote watatu, basi la Mwazye la asubuhi. Mimi mbele na mkongojo, Leokadia na mizigo, baba Skola nyuma kabisa, mbali, kama inavyotakiwa. Leokadia akapanda kwanza kunishikia kiti, akamezwa na watu huko ndani. Nikafika mlangoni. Nikaweka mguu wa kushoto kwenye ngazi, nikashika chuma, nikauvuta wa kulia. Ukagoma. Nikauvuta tena. Ngazi ya basi ni ndefu, na kwenye mazoezi hospitali hawana ngazi ndefu vile.

"Bibi panda, tunaondoka!" konda akapiga bodi. Kisha akamwona baba Skola. "We mshikaji, si umshike mama yako? Unamwangalia tu?"

Vijana wa mizigo wakacheka. Mmoja akasema, "Anamwogopa bimkubwa huyo."

Baba Skola alikuwa ametazama chini. Alikuwa amesogea, mikono iko tayari, lakini hakunishika. Akaliambia basi, kwa sauti ya chini, "Wewe gari, subiri kidogo. Mzee atapanda."

Konda akanyoosha mkono wake anivute kwapani. Mkono wa kijana nisiyemjua, una mafuta ya gari. Na ungekubalika! Hilo ndilo lililonichoma. Mtu baki angenishika kwapani mbele ya stendi nzima na isingekuwa aibu kwa desturi yangu. Na huyu aliyenibeba nimelowa, aliyekata mpini kwa ajili ya mkono wangu, ndiye ambaye ni mwiko. Nilisimama pale mguu mmoja juu, mmoja chini, watu nyuma yangu wanasukuma. Niliogopa kuliko siku ya kuanguka. Maana siku ile sikuwa na la kuchagua, nilibebwa. Sasa nilitakiwa niombe.

Wewe wa benchini, sikudanganyi, aibu haikunitoka. Ninayo hata ninapoandika hapa Mwazye, na mkono huu umechoka. Nakwambia tu kwamba unaweza kuwa nayo na ukaita. Mdomo unatosha. Ita aliye karibu, na si yule unayemtamani awe karibu.

Niligeuka nikamtazama usoni. Sikuwahi kumwona vizuri. Ana kovu kwenye nyusi, na mvi zimeanza.

"Baba Skola," nikasema. "Nishike."

Hakusogea mara moja. Alinitazama kama mtu aliyesikia ukuta umesema. Halafu akaweka mkongojo wangu kwapani kwake, akaweka mkono mmoja mgongoni mwangu na mwingine chini ya kiwiko changu kibovu, akaniinua, mguu wa kulia ukafika kwenye ngazi. Hakuniachia. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na midomo yake inacheza.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba."

Konda akatutazama, huyu halafu huyu, mkono bado uko kwenye bodi. "Jamani," akasema, "si mmekuja wote? Kumbe mlikuwa hamjasalimiana?"